Ujilipue au ucheze salama? Namna ya kuamua hela yako iende wapi

Watu wengi wanaamua hili jambo kwa tabia, mwenye roho ngumu anajilipua na muoga anaweka benki, basi imeisha. Mi naona hapo ndo tunapokosea. Usijiulize wewe ni mtu wa aina gani, jiulize hiyo hela ni ya kazi gani na ikipotea nani atalala njaa.

Anza na matumizi ya mwezi. Kodi, msosi, ada, nauli, na ile hela ya kutuma nyumbani ambayo huwa hatuiandiki popote lakini kila mwezi inatoka. Tuseme jumla ni laki saba na una milioni sita mkononi. Miezi mitatu ni milioni mbili na laki moja, hiyo iweke pembeni kabisa, sehemu unayoweza kuitoa haraka kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali inayokusanya hela za watu na kuziwekeza kwa pamoja, ambao ukiomba hela yako unaipata ndani ya siku chache za kazi. Haitakutajirisha, kazi yake ni kukuepusha na mikopo ya kausha damu siku mtoto akiumwa au kazi ikiisha ghafla.

Imebaki milioni tatu na laki tisa. Sasa ndo tuongee.

Upande wa salama watu wanaudharau kwasababu wanaufananisha na akaunti ya akiba inayokatwa makato kila mwezi. Hiyo kweli ni hasara ya polepole, bei ya mchele inapanda na hela yako imekaa palepale. Ila kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali hela nayo inakulipa riba, unanunua Benki Kuu kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, kuanzia milioni moja tu. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka na zile za muda mrefu haikatwi kodi. Waliowahi ile ya miaka 25 ilipoanza 2021 walikuta riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata serikali ikashusha mpya mpaka 12.56 lakini wale wa kwanza wanaendelea kula ileile ya mwanzo. Sio kwamba haina ubaya, ukitaka kutoka katikati inabidi umuuzie mtu mwingine sokoni, na kama riba za hatifungani mpya zimepanda utauza kwa bei ya hasara. Kwaiyo usiweke hela ya ada ya Januari humo.

Ukiweka milioni tatu kwa riba ya asilimia 12 unapata laki tatu na sitini kwa mwaka, laki na themanini kila miezi sita. Na hapa ndo kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote: jilipue na riba, mtaji usiuguse. Hiyo laki na themanini pamoja na ile laki tisa iliyobaki ndo uende nazo kwenye matikiti, kwenye hisa, kwenye kununua mzigo wa nguo Kariakoo, popote moyo unapopenda. Zikiungua zote umeumia lakini kwako bado kunapikwa.

Kwenye kujilipua kwenyewe kuna maswali mawili. La kwanza, hasara ya juu kabisa ni shilingi ngapi? Hisa ukinunua kwa hela yako mwisho wa hasara ni hiyohiyo uliyoweka. Ukikopa ukalime vitunguu halafu bei ikaanguka, umepoteza shamba na bado unadaiwa, hiyo sio risiki ya aina moja hata kidogo. La pili, unaweza kusubiri? Benki ya CRDB waliuza hisa kwa umma 2009 kwa shilingi 150, miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya 100, halafu 2024 ilikuwa imepita 500. Aliyekuwa na shida ya hela 2019 aliuza kwa hasara, aliyekuwa na akiba yake pembeni alikaa kimya tu akisubiri, na hisa ni zilezile.

Umri nao uangalie. Kijana wa miaka 25 akiangushwa na biashara ana muda wa kuinuka. Mstaafu anachukua kiinua mgongo chote ananunua Coaster, dereva sio wake, fundi sio wake, trafiki wapo, na hajawahi kuendesha biashara ya magari hata siku moja. Mzee wangu, hapo hapana. Weka sehemu kubwa kwenye hatifungani, biashara ianze na kidogo, tena ile unayoijua.

Viwanja je? Watu wanaviita salama, mi naviweka katikati, kwasababu kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu kila siku, na cha kwako kikiwa halali bado kukiuza kwa haraka ni kazi. Hakikisha ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata mia.

Alafu kuna ile inayokuja imevaa sura ya usalama kabisa: faida kubwa, ya uhakika, kila mwezi, na ukileta wenzako unaongezewa. DECI, ule mchezo wa upatu, ilikuwa hivohivo, watu "wakapanda mbegu" mpaka ilipofungiwa 2009. Mtu akikuletea fursa ya namna hiyo muulize hela ya kunilipa mimi inatoka kwenye biashara gani, nikaione kwa macho. Akianza kukwambia nafasi zinaisha leo usiku, mkatie simu.