Somo: Kidonda cha ng'ombe kisiingie funza

Ndugu wafugaji, wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Walimsema nzi, ng'ombe hawakumuuliza.

Ninayemzungumzia ni yule nzi wa kijani-bluu anayeng'aa, Chrysomya bezziana. Funza wake hawangoji nyama ioze, wanakula nyama hai. Hahitaji kidonda kikubwa, palipong'atwa na kupe panamtosha. Anataga mayai mia na zaidi kwa mkupuo, pembezoni mwa kidonda, na ndani ya saa 12 hadi 24 yameanguliwa. Kwa hiyo anayekagua mifugo Jumapili hadi Jumapili anawalea funza.

Hatua ya 1: Punguza vidonda. Kuhasi, kukata pembe na kuvalisha hereni subiri kiangazi, nzi wakiwa wachache. Ng'oa misumari na waya zilizochomoza zizini. Ratiba ya kuogesha kwa dawa ya kupe usiiruke.

Hatua ya 2: Kitovu cha ndama. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Ndama akishadondoka tu, tia iodini ya asilimia 7 kwenye kikopo, uchovye kitovu chote kizame. Kupaka kwa pamba hakutoshi, maana upande wa nyuma unabaki mkavu. Rudia kila siku mpaka kinyauke. Mtazame na mama yake: akichanika wakati wa kuzaa, nzi wanakimbilia huko.

Hatua ya 3: Kidonda kikitokea, nyoa manyoya kukizunguka, osha kwa maji ya chumvi, kausha, kisha puliza dawa ya vidonda inayofukuza nzi. Kagua asubuhi na jioni. Ukiona mayai meupe yamegandamana, yakwangue uyachome moto.

Hatua ya 4: Wameshaingia? Watoe kwa kibano, uwatumbukize kwenye maji yanayochemka. Ukiwatupa chini watajifukia na kutoka wakiwa nzi.

MASWALI

— Mwalimu, mimi namwaga oili chafu na funza wanakufa. Kuna ubaya?
Upo, kaka. Wa juu wanakufa, wa ndani wanazidi kuchimba, na oili inaunguza nyama iliyoanza kupona. Dawa za kupulizia mazao ndiyo usiguse kabisa, zinapenya mwilini mpaka kwenye maziwa.

— Sindano ya ivermektini, ile dawa ya minyoo na wadudu wa mwilini, je?
Inasaidia sana, hata kuchoma siku ya kuhasi ili kukinga. Ila ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa asichomwe. Wa nyama, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

— Wangu ana kidonda kwato, dawa inaishia kwenye tope.
Dada, anza na tope. Mhamishie pakavu, umfunge bandeji safi na kuibadilisha kila siku. Kama tayari kinanuka na kutoa majimaji yenye damu, usipulize chochote kwanza: kipanue umulike kwa tochi. Utaona mikia inachezacheza, vichwa viko ndani. Hapo mwite daktari wa mifugo leo hii.