Mia moja kabla ya kulala: mazoezi ya sebuleni kwa baba aliyefika hamsini

Mwanamume wa miaka hamsini na ushei, anayeshinda amekaa dukani au ofisini, muda wa mazoezi anao. Ameuweka mbele ya runinga. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza tu, yuko kwenye kochi, na hatoki hapo mpaka saa nne au tano. Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nina miaka 52, na ninachotaka kukueleza ni kwamba huna haja ya kuiacha runinga ili ufanye mazoezi. Ifanye iwe ndiyo saa yako ya mazoezi. Wengi wa rika langu huanza kwa kununua raba na kuapa kwamba wataamka saa kumi na moja alfajiri wakakimbie. Wiki ya pili mvua inanyesha, au mzigo umeingia dukani usiku, na raba zinaishia chini ya kitanda. Sebuleni jioni hakuna mvua.

Chalenji yenyewe ni hii. Kila siku, kabla hujalala, ufikishe mia moja: kuchuchumaa mara 30, pushapu 20, kunyanyua visigino mara 30, na kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali mara 20. Mia haiongezeki, si mwezi wa kwanza wala wa sita. Kinachopanda ni ugumu wake. Vijana wanaoweka chalenji mitandaoni huongeza idadi kila siku, leo 10, kesho 15, hadi wafike 200. Kwa mtu wa umri wetu, bega na goti huchoka kabla misuli haijajengeka, na bega likishaanza kuuma chalenji imekwisha. Idadi ikibaki palepale unajua kila jioni unadaiwa nini, na deni hilo unalilipa kwa dakika 15 hivi.

Nasisitiza mazoezi ya nguvu kwa sababu wanaume wengi hudhani kutembea kunatosha. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu ya hizo wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Ukienda sokoni kwa miguu na kurudi, hizo dakika 150 utazipata. Lakini kifua, mabega na mgongo havijafanya kitu. Na misuli isiyotumika hupungua: kuanzia miaka ya thelathini, makadirio ya kawaida ni asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya sitini kasi inaongezeka. Mzee anayeshindwa kuinuka kitini bila kushikwa mkono hakuanza kushindwa jana. Alianza akiwa na umri wetu.

Kabla hujachuchumaa hata mara moja, nenda kapime presha na sukari. Maduka mengi ya dawa na zahanati wanapima presha papo hapo. Ikisoma 140/90 au zaidi, zungumza na daktari kwanza. Kama tayari unatumia dawa za presha, sukari au moyo, mwulize waziwazi: "Daktari, nataka kuanza pushapu na kuchuchumaa kila siku, kuna kitu nijihadhari nacho?" Muuguzi mmoja aliyekuwa ananipima aliniambia neno ambalo nalirudia kwa kila mtu: "Baba, ukisukuma toa pumzi, usiibane." Ni la kushika sana. Ukibana pumzi wakati wa kujikaza, presha hupanda ghafla. Hesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Na ukihisi kifua kinabana, kizunguzungu, au maumivu yanayokwenda kwenye taya au mkono, acha pale pale, nenda hospitali. Filamu itakungoja.

Sasa kuchuchumaa. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kisukume mgongo wake uguse ukuta. Simama mbele yake, miguu upana wa mabega, vidole vya miguu vimetazama nje kidogo. Rudisha makalio nyuma mpaka yaguse kiti, halafu simama bila kujitupa na bila kushika magoti kwa mikono. Goti lifuate uelekeo wa vidole, lisiingie ndani. Kama kiti kinakushinda, weka mto juu yake ili kiwe kirefu. Ukiona mara 30 unazimaliza huku unaongea bila kuhema, ondoa mto. Baadaye tumia stuli fupi, na mwisho chuchumaa bila kitu nyuma yako. Sakafu ya vigae inateleza, kwa hiyo vua soksi na ndala, fanya peku au ukiwa na raba.

Pushapu ndizo zinazowaangusha watu, kwa kuwa kila mwanamume anataka kuanzia chini sakafuni kama alivyokuwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Anzia ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa kifua, mwili unyooke kuanzia kisigino hadi kichwani, kisha ukaribie ukuta polepole na ujisukume kurudi. Viwiko visitanuke kama mabawa. Viwe karibu na mbavu, vikielekea nyuma. Ukizimaliza 20 za ukutani kwa siku kadhaa mfululizo bila kutetemeka, hamia kwenye meza ya chakula iliyo imara (mimi hutumia kaunta ya duka kabla sijafunga). Kutoka mezani nenda ukingo wa kitanda, kutoka kitandani nenda stuli iliyoegemezwa ukutani, na mwisho sakafu. Kadiri mikono inavyoshuka, ndivyo uzito wa mwili unavyokuja mikononi. Kila ngazi ipe wiki mbili au tatu, hata ukiona unaweza, kwa sababu mishipa inayoshika misuli kwenye mifupa huimarika taratibu kuliko misuli yenyewe. Gawanya zile 20 mara nne, tano tano, na upumzike katikati. Siku bega likinung'unika, rudi ngazi moja juu. Hakuna aibu kurudi ukutani.

Visigino ni rahisi: shika mgongo wa kochi, simama kwa vidole, hesabu mbili, shuka polepole. Mashavu ya miguu ndiyo yanayosukuma damu kurudi juu, na sisi tunaokaa au kusimama kaunta siku nzima tunajua miguu inavyovimba jioni. Nyonga: lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, inua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, kaza makalio, shuka. Mgongo wangu wa chini ulianza kunishukuru kwa zoezi hili kabla ya mengine yote.

Fanya haya kabla ya chakula cha usiku. Baada ya ugali, mwendo mwepesi tu wa kutembea papo hapo dakika kumi, ambao husaidia misuli kuchukua sukari iliyopo kwenye damu.

Sasa runinga inaingia wapi? Kazi yake ni kukupimia muda, na michezo ya zamani inapima vizuri kuliko saa ya simu. Wa kwanza ninayempendekeza ni Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Tafuta YouTube mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Bayi alikuwa na miaka 20. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumwachia mtu, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Mbio hizo ni dakika tatu na nusu, muda wa kutosha kupasha mwili: tembea papo hapo Bayi anapotoka, nyanyua magoti juu zaidi kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia. Nimezitazama mara nyingi sana na bado natamani kupiga kelele Walker anaposogea pale mwishoni. Ukimaliza hapo mwili una joto, anza kuchuchumaa.

Wa pili ni Mtanzania mwingine, John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Video zake ni fupi. Zitazame ukiwa kwenye visigino, na waonyeshe watoto. Lakini usiichukue kuwa ruhusa ya kufanya mazoezi juu ya goti linalouma. Yeye alikuwa na mbio moja ya kumaliza. Wewe una kesho, na keshokutwa, na goti hilohilo.

Jumamosi, ukitaka kitu kirefu, weka pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Raundi ni dakika 3, mapumziko dakika 1, na Foreman alianguka sekunde chache kabla raundi ya 8 haijaisha. Jumla ni kama dakika 31, na hakuna mwalimu atakayekupangia vipindi vizuri kuliko hivyo. Raundi ikianza tembea papo hapo huku ukirusha ngumi nyepesi hewani. Kengele ikilia, tembea polepole, kunywa maji. Kama raundi zote nane ni nyingi, fanya nne na ukae utazame zilizobaki. Angalia Ali anavyoegemea kamba na kumwacha Foreman amalize nguvu zake mwenyewe. Ali alikuwa na miaka 32, mwenzake 25. Sisi tuliokwenda umri tujifunze hapo namna ya kugawa pumzi. Ukimaliza, usiku huohuo au kesho yake, tazama filamu ya hali halisi iitwayo When We Were Kings ya Leon Gast, iliyotoka 1996 na kupata Oscar. Humo utaona mji mzima ulivyongoja pambano, na James Brown, B.B. King na Miriam Makeba jukwaani.

Siku za mpira, mapumziko ya nusu ya kwanza ni dakika 15, na mia nzima inaingia humo. Ukiwa unakwenda kibanda umiza kutazama Simba na Yanga, maliza mia nyumbani kwanza, kisha nenda kwa miguu na urudi kwa miguu.

Kuhusu bando: usitazame ukiwa unapakua. Pakua mapema mahali penye waifai, au kwa bando la usiku, video ziwe tayari kwenye simu. Kutafuta video huku mwili unapoa ndiko kunakowafanya wengi waishie kwenye klipu za umbea. Binti yangu ameniwekea foleni ya wiki nzima, na hilo peke yake limenisaidia zaidi ya dambeli zozote ambazo ningenunua.

Zipo pia filamu ambazo sitaki uzitazame ukihesabu. Hizo kaa, mia ikiwa imekwisha. Ya karibuni iliyonishika ni Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya 2018, inayomhusu Jo, mtoto mgonjwa anayependa mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinachoamua kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu hizo. Ni kama saa moja na robo, kwa hiyo watoto watalala mapema, ila weka leso karibu. Mama watoto alilia, nami nililia.

Nyingine ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza: Yasmin anakimbia ndoa aliyoozeshwa kwa mzee, anakutana na Denge, kijana wa harakati. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo. Ukiwa umeisoma riwaya shuleni utagundua mengi yameachwa, na mimi naona ni sawa, kwa sababu filamu imechagua vichochoro, taarabu na nyuso za watu, na inaviacha vizungumze bila haraka. Haina mbio za kukupimia muda. Zima taa, mwite mkeo akae kochini nawe, na simu iwe chumba kingine mpaka iishe.