Jinsi ya kunakili "Kusulubiwa kwa Mtakatifu Petro" ya Caravaggio kwa rangi ya mafuta

Picha hii ya mwaka 1601 ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, bado iko katika kanisa la Santa Maria del Popolo, Roma. Ina sentimita 230 kwa 175. Tafuta turubai ya 46 kwa 35, yaani moja ya tano, ili uwiano wa miili usiharibike.

Hatua ya 1. Paka turubai yote kahawia iliyokolea, iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ukianzia kwenye weupe utahangaika kulitafuta giza. Caravaggio alianza nalo.

Hatua ya 2. Rangi ikiwa mbichi, kwaruza mistari mikuu kwa ncha ya mpini wa brashi. Naye alikuwa akikwaruza hivyo, na hakuna mchoro wa karatasi unaojulikana kwa hakika kuwa wake. Anza na msalaba uliokaa mshazari, kisha miili ya wanaume watatu wanaouinua. Acha ikauke.

Hatua ya 3. Paka palipo na mwanga tu: kifua cha Petro, magoti yake, suruali ya manjano ya mwanamume aliye chini ya msalaba. Kwa ngozi zinatosha nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na nyeusi kidogo. Kivuli usikiguse, ni ile kahawia ya mwanzo.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Yule aliyejikunja chini ya msalaba anausukuma kwa mgongo, makalio yametuelekea, nyayo zimejaa uchafu. Changanya kijivu na kahawia, zipake nyayo hizo kwa brashi kavu. Ukizisafisha umeiua picha, maana mateso ya hapa yamo kwenye uzito wa mti na jasho la vibarua, wala si kwenye damu. Nyuso zao ziache gizani. Wengi hushindwa kujizuia, wakawachorea macho ya kikatili. Mara wanakuwa majambazi wa sinema.

Hatua ya 5. Petro ni mzee, lakini mwili wake bado una nguvu. Mkazie shingo, kwa sababu ameinua kichwa huku miguu ikipandishwa juu. Msumari wa kiganjani unataka mguso mmoja mweupe, basi.

Tabaka za juu ziwe na mafuta ya kitani mengi kuliko za chini, la sivyo zitapasuka. Matambara yenye mafuta hayo yaanike nje yakiwa yametandazwa. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.