Video imegoma kwenye TV? Kagua kilichomo kabla ya kubadilisha

Umechomeka flashi, TV inakuambia faili halisomeki, au picha inaonekana lakini sauti hakuna. Wengi hukimbilia kubadilisha video nzima, kompyuta ikachemka kwa saa mbili kwa kazi ambayo huenda ingeisha ndani ya dakika moja. MKV, MP4 na AVI ni makasha tu. Ndani ya kasha kuna picha iliyobanwa kwa kodeki yake, yaani mbinu ya kubania, mfano H.264 au H.265, na sauti yenye kodeki yake, mfano AAC, AC3 au DTS. TV inaweza kugomea chochote kati ya hivyo vitatu. Kufuta .mkv kwenye jina na kuandika .mp4 hakugusi kitu ndani.

Pakua FFmpeg, programu ya kukagua na kubadilisha video, ni ya bure kwa Windows, Mac na Linux. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwenye folda yenye video, kisha andika (weka jina la faili lako badala ya harusi.mkv):

ffprobe harusi.mkv

Soma mistari yenye neno Stream. Ukikuta h264 na aac, hamisha kasha tu:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Hapa hakuna kinachobanwa upya, hivyo ubora haushuki. Ikikatika ikilalamikia subrip, kisa ni sabtaito: MP4 haipokei sabtaito za aina hiyo (SRT) kama zilivyo. Ongeza -c:s mov_text baada ya -c copy, au -sn kama huzihitaji.

Ukikuta dts na picha ni h264, badilisha sauti tu, picha ibaki ilivyo:

ffmpeg -i harusi.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 harusi.mp4

Picha ikiwa hevc, yaani H.265, na TV ni ya zamani, hapo ndipo kubana upya hakukwepeki:

ffmpeg -i harusi.mkv -c:v libx264 -crf 22 -preset medium -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k harusi.mp4

Usiache -pix_fmt yuv420p. Video nyingi za H.265 ni za biti 10. Bila neno hilo unapata H.264 ya biti 10, ambayo TV nyingi huigomea vilevile, na umeshapoteza muda wote. Namba ya crf ikishuka, ubora na ukubwa hupanda. 18 hadi 24 inatosha. Ongeza -t 60 kabla ya jina la mwisho upate dakika moja ya kujaribia kwenye TV kwanza.

Asiyependa amri atumie programu ya HandBrake: buruta faili, chagua Fast 1080p30, Format iwe MP4, bonyeza Start Encode. Ila HandBrake hubana picha upya kila mara, hata pale kasha tu lingetosha. Tovuti za kubadilishia video ziache. Bando huliwa kupandisha, likaliwa tena kushusha.

Faili likikataa kuingia kwenye flashi na nafasi ipo, huenda flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio usiopokea faili moja la GB 4 au zaidi. Hamisha vilivyomo, uifomati kwa exFAT. TV isiposoma exFAT, rudi FAT32 na upandishe crf hadi faili lishuke chini ya kiwango hicho.