Kumkuza Mchezaji Wako katika Gemu ya Besiboli

Kijana wa Chake Chake aliyezoea gemu za kandanda, anapomuunda mchezaji wake wa kwanza wa besiboli, hukimbilia kumjaza nguvu za kupiga mbali, na hapo ndipo anapopotea. Kwa maoni yangu, mpigaji mchanga aanze kuongezewa uwezo wa kuugusa mpira na wa kuusoma unapotoka mkononi mwa mrushaji, kwa sababu gongo zito lisiloukuta mpira halimpandishi mtu daraja. Nguvu zitafuata taratibu, wakati bado yumo katika ligi za chini, Double-A na kisha Triple-A.

Lililo gumu zaidi ni subira. Tuseme hesabu ya mipira unayorushiwa imefika boli 3 (mipira iliyopita nje ya eneo la straiki, yaani nafasi iliyo mbele ya mpigaji baina ya magoti na kifua, nawe hukuzungusha gongo) na straiki 1 (mpira uliopita ndani ya eneo hilo, au uliozungusha gongo ukaukosa): mrushaji anaogopa boli ya 4, ambayo itakupa kituo cha kwanza bila ya kupiga, kwa hiyo aghalabu ataupitisha mpira ndani ya eneo la straiki. Ungoje huo. Mpira ukishuka chini ya magoti, kidole kisiguse kitufe. Mpwa wangu, ambaye hata futari humshinda kungojea, alitolewa mara tatu katika mchezo mmoja kwa kuifukuza mipira inayopinda.

Ulinzi na mbio viongezwe kulingana na nafasi anayocheza. Aidha, hifadhi maendeleo yako kila mchezo unapomalizika, maana umeme ukikatika katikati, mipigo yako yote mizuri huondoka nao.