Namna ya Kupima Bonde Oevu la Ihefu kwa Picha za Setilaiti

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kila anayetaka kujua sababu hana budi kuanzia juu ya mto, kwenye bonde oevu la Ihefu huko Usangu, wilayani Mbarali. Kulipima bonde hilo hakuhitaji fedha ya kununua picha: za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu mwaka 2008, na za setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza mwaka 2015, ni bure pia.

Chagua mwezi mmoja na uushikilie miaka yote. Napendekeza Oktoba, kwa sababu mawingu huwa machache na mpunga umekwisha kuvunwa, ilhali mwezi Machi ni vigumu kutenganisha majaruba yaliyofurika na bwawa lenyewe. Fungua picha katika QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kupima ramani, kwa mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 36 Kusini, ili vipimo vitoke kwa mita.

Kosa kubwa ni kutafuta maji peke yake. Sehemu kubwa ya Ihefu imefunikwa na matete na mafunjo, kwa hiyo setilaiti huona majani, si maji yaliyo chini yake. Pima ukijani kwanza: kwa Sentinel-2, toa bendi (tabaka la picha la aina moja ya mwanga) ya 4, ya mwanga mwekundu, kutoka bendi ya 8, ya mwanga wa infraredi, kisha gawanya kwa jumla ya bendi hizo mbili. Majani mabichi hupata thamani kubwa, nyasi kavu za Usangu hubaki chini, na maji ya wazi, ambayo huangukia chini ya sifuri, yahesabiwe kando na kujumlishwa baadaye.

Chora mpaka wa bonde mara moja na uutumie ule ule kila mwaka, ukiacha nje mashamba ya umwagiliaji ambayo bado ni ya kijani. Tazama pia picha ya rangi za kawaida, maana eneo lililoungua kwa moto huonekana jeusi na linaweza kudhaniwa kuwa limekauka. Pikseli (vijiraba vinavyounda picha) 100 za Sentinel-2, kila moja yenye upande wa mita 10, ni hekta 1. Pikseli moja ya Landsat, yenye upande wa mita 30, ni mita za mraba 900. Kabla ya kuunganisha mifululizo hiyo miwili, pima mwaka mmoja kwa zote, kisha weka mvua ya msimu uliotangulia kando ya kila hesabu, kwani bila hiyo huwezi kutofautisha ukame na maji yaliyochepushwa kwa mifereji.