Bido tatu na mlima mmoja: jinsi ninavyofundisha matumizi ya ardhi hapa Bukavu

Mwalimu mwenzangu wa shule jirani alinipigia simu: amepewa somo la watu na mazingira, wanafunzi 58, projekta hana, umeme unakuja unapotaka. Tulikaa Jumamosi nzima. Nimeandika tuliyoyafanya, pamoja na makosa yangu ya mwaka wa kwanza, maana yalinila mchana mzima.

Hatua ya 1: ramani ya kartie, yaani mtaa. Kila mtoto achore mahali anapoishi: nyumba, njia, mifereji, miti iliyobaki. Halafu amuulize mzee wa jirani palikuwa na nini kabla ya nyumba. Watarudi na migomba, mikaratusi, malisho ya ng'ombe. Uzuri wa mchoro usiupe alama.

Hatua ya 2: maharagwe. Sensa ya mwisho ya nchi yetu, Kongo, ni ya 1984, na ilipata watu kama milioni 30. Waambie idadi inaongezeka karibu asilimia 3 kwa mwaka, kisha waulize itafika wapi. Wengi watatafuta asilimia 3 ya milioni 30 na kuijumlisha hiyohiyo kila mwaka. Waache wakosee. Chora miraba sakafuni kwa chaki, weka harage moja, mbili, nne, nane. Mraba wa kumi unataka 512 na kopo lako limeshaisha. Hapo wape kanuni: gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko, upate miaka ya kuongezeka maradufu. Kwa 3 ni kama miaka 23. Kwa hesabu hiyo, milioni 60 mwaka 2007, milioni 120 mwaka 2030. Makadirio ya leo yameshapita milioni 100, kwa hiyo hesabu ya ubaoni haiko mbali. Mimi grafu za kitabuni siziwezi, harage linashikika.

Hatua ya 3: bido, yaani madumu, za kuonyesha mvua inavyobeba udongo. Hapa ndipo penye kazi.

Tafuta bido tatu za maji za lita 5, zinazopitisha mwanga. Lalisha kila moja, kata dirisha refu ubavuni, upande wa juu. Jaza udongo wa shimo moja. Nasema shimo moja, kwa sababu mara ya kwanza nilichanganya mwekundu wa mlimani na mweusi wa bustani, na mvulana mmoja akaniambia, kwa haki kabisa, kwamba nimepima udongo, sikupima majani. Ya kwanza iwe na majani mafupi yanayoota, ya pili ifunikwe kwa majani makavu, ya tatu ibaki uchi. Ziweke ukingoni mwa meza, mdomo ukitokeza nje, tofali dogo chini ya matako ya bido ili ziiname sawa. Chini ya kila mdomo, chupa iliyokatwa nusu.

Sasa mitego. Majani usiyapande jana ukitegemea yashike leo. Nilifanya hivyo, maji yakatoka machafu kwenye zote tatu, na darasa likahitimisha kwamba majani hayasaidii kitu. Kata pande la majani na mizizi yake kwa jembe, ulibane ndani, uzibe kingo kwa vidole, la sivyo maji yatapita pembeni. Ukipenda kupanda mbegu, anza wiki tatu kabla.

Udongo ufike usawa wa mdomo. Ukiwa chini zaidi, maji yatatuama ndani na utasimama mbele ya watoto ukingojea. Ushindilie kwa kiganja. Lowesha bido zote siku moja kabla, kwa kipimo kimoja, maana udongo mkavu kama vumbi una tabia zake.

Usimwagie kwa jagi! Linachimba shimo. Toboa kifuniko cha chupa kwa msumari, matundu kumi hivi, nyunyiza nusu lita kwa kila bido, kutoka kimo kilekile.

Kisha panga vikombe dirishani. Cha kwanza huwa kama chai ya rangi iliyozidishiwa maji. Cha tatu ni uji wa ulezi. Msichana mmoja wa Kadutu, ambako mto Kawa unapita, alikitazama akasema, «Mwalimu, hiyo ni Kawa siku ya mvua.» Sikuongeza neno.

Hatua ya 4: fuata maji. Kutoka Kawa hadi Ziwa Kivu, kutoka ziwani hadi mto Ruzizi, na Ruzizi inashuka mpaka Ziwa Tanganyika. Ukiweza, wapeleke kwa miguu.

Hatua ya 5: nani anakaa mlimani, na kwa nini. Mwaka ule niliuliza darasani, «Nani anaishi mahali pa hatari?» Binti mmoja wa Funu, ambako mlima unasogea polepole na kuta zinapasuka, hakufungua mdomo wiki nzima. Sirudii tena. Sasa natunga familia: watu saba, wamekimbia vita kijijini Walungu, pesa ya kodi kidogo. Itajenga wapi? Watoto wataorodhesha wenyewe: mji umejaa si kwa kuzaa tu, tangu 1996 watu wamekuwa wakikimbilia hapa. Makala (makaa) ya kupikia nayo yanatoka mahali, na mara nyingine ni ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, kwenye msitu wa gorila. Wakianza kulaumu wauza makala, waulize jana usiku kwao walipikia nini.

Fanyeni hatua ya 3 kabla ya Juni. Wakati wa kiangazi pande la majani hukauka kabla hujalifikisha darasani.

Bido zenyewe msizitupe mferejini, maana chupa za mji huu huishia kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi. Zangu nazitumia mwaka wa tatu sasa, na ile ya majani nimeiacha kwenye dirisha la ofisi ya prefe, mkuu wa shule, ambaye huimwagia maji akidhani ni ua.